Hodi Kwenye Kitanda cha Dirishani

Mwanangu, iko siku moja ya miaka ya tisini ambayo hunijia akilini kila ninapoulizwa habari za uongozi, nayo hunijia kabla ya yote niliyoyasoma vitabuni. Umenieleza kwamba umepata nafasi ya kusomea shahada ya uzamili ya uuguzi, na kwamba miongoni mwa masomo yako limo moja la kuongoza wauguzi wa mataifa mbalimbali na kunyenyekea mbele ya tamaduni za watu. Umeniomba nikutajie vitabu. Vitabu nitakutajia, usiwe na wasiwasi. Lakini kwanza njoo uketi nami kidogo katika wodi ya wazazi ya hospitali moja mkoani Shinyanga, asubuhi ya kiangazi, wakati vumbi na nyuzi za pamba kutoka kiwandani zilipokuwa zikinasa kwenye nyavu za madirisha.

Wakati ule nilikuwa muuguzi kijana, mzaliwa wa Tanga, niliyerudi darasani baada ya miaka michache ya kazi. Tulikusanywa wauguzi wachache kutoka mikoa kadhaa, tukaunganishwa na wanafunzi wa uzamili waliotoka ng'ambo, ili tujifunze pamoja namna ya kuongoza wodi, chuo au idara nzima penye watu wasiofanana kwa asili wala kwa lugha. Shinyanga haikuchaguliwa bure. Hospitali ile ilipokea wakulima wa pamba na wafugaji wa Kishapu, na ilipokea pia watu wa machimbo ya dhahabu ya Kahama na Geita, ambako mtu wa Songea, mtu wa Musoma na mtu wa Kigoma waliweza kuchimba shimo moja na kula sahani moja. Zamu ya asubuhi moja ilitosha kukusikilizisha lugha ambazo mtu wa kijijini kwetu hakuwahi kuzisikia maishani mwake.

Mwalimu wetu aliitwa Kabula. Alikuwa Msukuma wa Kishapu, mwanamke mrefu na mtaratibu, aliyesoma ndani na nje ya nchi, na aliyefundisha kwa muda mrefu hata wauguzi wakuu wengi wa kanda ile walikuwa wamepita mikononi mwake. Hakupenda hotuba. Ukimpelekea taarifa ya mgonjwa, angekusikiliza mpaka mwisho, angevua miwani, angeifuta kwa ncha ya kitenge chake, kisha angekuuliza swali moja fupi. Swali hilo tulilihofia kuliko mtihani.

Mimi, kwa kuwa Kiingereza changu kilikuwa kimenyooka, nilipewa kazi ya kumkalimania Karin, mwanafunzi aliyetoka nchi moja ya baridi, kaskazini ya Ulaya. Nisimtie ila Karin, mwanangu. Alikuwa mchapakazi mwenye huruma ya kweli. Alijifunza neno "shikamoo" siku ya kwanza, akawa anamwamkia kila aliyepita mbele yake, hata wasichana wa jikoni waliokuwa wadogo kwake, mpaka wakawa wanazunguka nyuma ya jengo kwa haya wasikutane naye.

Mwenzetu mwingine alikuwa Sista Mwanaidi, Mzaramo wa Kisarawe, mwenye mikono myepesi na mdomo mwepesi zaidi. Huenda wewe, mtoto wa mjini, hujauona utani wa makabila ukiwa hai, kwa hiyo niruhusu nieleze kidogo. Wazee husimulia kwamba tangu enzi za misafara, Wasukuma na Wanyamwezi walipokuwa wakishuka pwani na mizigo na kupita Uzaramo, makabila hayo yamekuwa watani. Huitana watumwa, huporana kofia, hutupiana maneno ambayo yakitoka kinywani mwa mtu mwingine yangezua ugomvi. Na msiba ukitokea, mtani ndiye mwenye ruhusa ya kuwachekesha wafiwa mpaka wakubali kula. Wodini mwetu alikuwapo Bibi Holo, mwanamke wa Kisukuma aliyekuja kumwuguza mkaza mwanawe, na kila asubuhi yeye na Mwanaidi walikuwa na lao.

"We Mzalamo," Bibi Holo angeanza, "tangu lini watu wa ngoma wakapewa sindano?"

"Tangu babu yako alipopita kwetu na mzigo kichwani, bibi. Tulitaka kumchoma hii hii, akakimbia. Leo nimemkamata mjukuu."

"Nikamate! Mimi nyama yangu ngumu, utavunja sindano ya selikali, wakufukuze, urudi kwenu ukale nazi."

Wodi nzima ingecheka, hata waliokuwa na mishono wakajishika tumbo na kumwomba Bibi Holo anyamaze. Karin naye alicheka, ingawa hakuelewa neno.

Sasa sikiliza. Alfajiri ya siku ninayokusimulia, lori lilikuwa limemleta mwanamke mmoja kutoka machimbo yaliyo karibu na Kharumwa. Alikuwa na uchungu wa muda mrefu mno, na mtoto akazaliwa akiwa amekwisha kufariki. Aliyemleta, jirani wa machimboni, alimwandikisha kama Mama Shija, kwa jina la mtoto wake wa kwanza, akaondoka na lori lile lile kwenda kumtafuta mumewe. Zamu ya alfajiri ikabadilika. Mama Shija akalazwa kwenye kitanda cha dirishani, akazungushiwa pazia la kukunja lililoshonwa kwa kitambaa cha marekani.

Ilipofika saa tatu za asubuhi, homa yake ilikuwa imepanda. Alikuwa ameutoa mpira wa dripu mkononi mwake, vidonge amevitema, chai hakuigusa. Aligeukia dirisha, na kila muuguzi aliyemkaribia alimwambia neno moja tu: "Nataka kuondoka." Daktari alitueleza bila kuficha kwamba akiondoka na homa ile pasipo dawa, hatafika Kharumwa akiwa hai, na kwamba hatuwezi kumfunga kamba kitandani. Hilo ndilo lililokuwa mbele yetu, mwanangu, ulishike: ama mwanamke huyu akubali dawa, au watoto wake wa Kharumwa wapoteze mama.

Mwanaidi alikuwa wa kwanza kujaribu. Alisikia jina la Shija, ambalo ni jina la Kisukuma, akajua amempata mtani, tena mtani aliye katika msiba. Akalivuta pazia na kuingia kwa sauti ya juu:

"Mtumwa wangu! Umelala tu, na pamba yangu nani ataipalilia? Amka unywe dawa, mimi sijakupa ruhusa ya kufa!"

Mwanamke yule alijifunika khanga kichwa kizima. Karin alinishika mkono. "Amesema nini?" Nikamkalimania, neno kwa neno, kama nilivyofundishwa. Kila neno nililolitoa lilikuwa sahihi, na jumla yake ilikuwa uongo mtupu, kwa sababu hakuna kamusi inayohamisha utani kutoka lugha moja kwenda nyingine. Karin akabadilika rangi. Akampita Mwanaidi, akaketi kitandani, akamkumbatia yule mama kwa mikono yake miwili na kulia. Mwanamke akajikaza mwili wote, akajichomoa, akasogea mpaka bega lake likagusa nondo za dirisha.

"Nataka kuondoka," alisema.

Tulipoingia darasani, chumba kilichokuwa mwisho wa ukumbi ule ule wa wodi, Karin hakusubiri kuitwa. Alisimama.

"Mgonjwa aliyefiwa na mtoto ameitwa mtumwa," alisema, nami nikafasiri. "Ameambiwa akalime. Kwetu, muuguzi wa namna hiyo hamalizi zamu. Ninaomba aondolewe wodini leo hii, na ninaomba jambo hili lipelekwe kwa mkuu wa hospitali."

Mwanaidi aliinuka taratibu, kama mtu aliyepigwa asijue amepigwa na nani.

"Mimi? Nimtukane mfiwa?" Alimgeukia Karin. "Mama yangu alipofariki nilikuwa Tabora, peke yangu, sina ndugu. Watani ndio walionijia. Walinivua viatu, wakanitukana, wakalala kwenye mkeka wangu wakidai mimi ni mtumwa wao, mpaka nikacheka, na nilipocheka ndipo nikala. Nimempa huyu mama kile nilichopewa mimi!"

Hapo darasa likagawanyika kama kuni. Sisi Watanzania tulisimama na Mwanaidi. Wageni walisimama na Karin. Mmoja wetu alieleza historia ya misafara. Mgeni mmoja akakumbusha kiapo cha wauguzi na heshima ya mgonjwa. Mwingine akasema wageni waache kutupima kwa kipimo cha kwao. Mwingine akajibu kwamba mila haiwezi kuwa kichaka cha kujifichia ukatili. Nakuambia kweli, mwanangu, ulikuwa mjadala mzuri. Nimefundisha miaka mingi tangu siku ile na nimesikia mijadala michache iliyokuwa na hoja nzito kiasi kile. Na muda wote tulipokuwa tukijadiliana, ng'ambo ya ukuta homa ilikuwa ikipanda.

Mwalimu Kabula alisikiliza mpaka mwisho. Akavua miwani. Akaifuta.

"Mgonjwa mwenyewe amesemaje?"

Tukatazamana. Mimi nikajibu, "Amesema anataka kuondoka, Mwalimu."

"Hilo alilisema kabla ya Mwanaidi kuingia na kabla ya Karin kuingia. Ninyi mmebishana kama maneno ya Mwanaidi yamemwumiza au yamempoza. Nataka anijibu yule aliyemwuliza."

Aliivaa miwani yake, akasimama. "Haya, twendeni."

Wodini, Bibi Holo alikuwa ameketi kwenye kigoda karibu na kitanda cha mkaza mwanawe. Alimwamkia Mwalimu kwa Kisukuma, kama ilivyo ada yao.

"Mwangaluka, mayu," Mwalimu alimwitikia. "Mmeamkaje?"

"Sisi wazima, Mwalimu. Ila huyu wa dirishani mnamtesa bule. Mnamwita Mama Shija, nami nimemsemesha Kisukuma tangu aletwe, hakijui hata neno. Mumewe ndiye mtu wa kwetu, mtoto kalithi jina la babu yake. Yeye mwenyewe kaniambia kwao Mbulu."

Mwanaidi alijiziba mdomo kwa kiganja. Baina ya Mzaramo na Mwiraqw wa Mbulu hapakuwa na utani wowote alioujua. Kumbe masikioni mwa mama yule "mtumwa" lilikuwa ni mtumwa, na "kufa" lilikuwa ni kufa. Karin, nilipomfasiria, alinitazama kama mtu aliyeshinda kesi.

Ushindi wake haukudumu. Kijana mmoja wa kundi letu, Elibariki, aliyewahi kufanya kazi upande wa Mbulu, alisogea mbele na kunong'ona kwa haraka: "Mwalimu, basi hata lile kumbatio lilikuwa kosa. Nimeishi nao. Kwa desturi yao ya zamani, mwanamke aliyefiwa na kichanga hukaa peke yake, hula kwenye chombo chake, wala haguswi mpaka muda wake utimie. Ndiyo maana anajitenga! Tumhamishie kile chumba cha pembeni, tumpe kikombe chake, atatulia."

Ungeona tulivyofarijika! Ufunguo ulikuwa umepatikana. Karin aliinamisha kichwa, Mwanaidi akaenda kufungua chumba cha pembeni, Elibariki akashika mguu wa kitanda tayari kukivuta.

"Elibariki," alisema Mwalimu, "umemwuliza?"

"Mwalimu, ndiyo desturi yao."

"Ya nani?"

"Ya Wairaqw."

"Mimi sijakuuliza habari za Wairaqw. Nimekuuliza kama umemwuliza huyu."

Elibariki aliuachia mguu wa kitanda.

Ndipo Mwalimu Kabula alipofanya jambo ambalo mpaka leo sijaliona katika kitabu chochote cha uongozi. Alituashiria turudi nyuma. Akasimama nje ya pazia lile la marekani, akaweka miguu yake sawa, akainamisha kichwa kidogo kama mgeni aliyefika kwenye nyumba ya watu, akasema:

"Hodi."

Fikiri, mwanangu. Wodi ni yetu. Sisi ndio wenye funguo, ndio wenye sare, ndio tunaomfunua mtu shuka bila kumwuliza. Hakuna muuguzi niliyepata kumwona akibisha hodi kwenye pazia la mgonjwa, kwa kuwa mwenye nyumba habishi nyumbani kwake. Mwalimu alibisha. Na kwa kubisha kwake, pale pale mbele ya macho yetu, kitanda kile kikawa nyumba, na mwanamke yule akawa mwenye nyumba.

Hapakuwa na jibu. Mwalimu alirudi, akaketi kwenye benchi la ukutani.

Karin alininong'oneza nikamwambie Mwalimu kwamba homa imepanda, kwamba kila dakika ni hatari, kwa nini tunangoja? Nikamfikishia. Mwalimu hakukasirika. "Mwambie naijua hatari. Mwambie pia kwamba tangu alfajiri tumeingia humo mara nyingi bila kungoja, na dawa bado iko mezani."

Akainuka tena. "Hodi. Mimi naitwa Kabula. Ni mwalimu hapa. Nipo peke yangu, na sijashika kitu mkononi."

Tulisikia mdudu akijigonga kwenye wavu wa dirisha. Mwalimu alisubiri palepale aliposimama, asilishike pazia.

"Hodi," alisema mara ya tatu, taratibu. "Ukiona vibaya kuitika, sitaingia. Nitaketi hapa nje."

Kwa ada yetu, hodi ya tatu isipoitikiwa, mgeni huondoka. Mwalimu aligeuka. Alikuwa amekwisha kupiga hatua kuelekea kwenye benchi tulipoisikia sauti, nyembamba kama uzi.

"Karibu."

Mimi nilikuwa karibu zaidi na pazia, nikasikia yote. Mwalimu hakukalia kitanda. Alivuta kigoda, akakikalia, uso wake ukawa chini ya uso wa mgonjwa.

"Pole, mwanangu. Jina lako nani?"

"Paulina."

"Paulina, asubuhi ya leo umeingiliwa na watu wengi. Mmoja alikutania akidhani ni mtani wako. Mwingine alikukumbatia. Mwingine amesema kwenu mfiwa hutengwa, anataka kukuhamisha. Mimi sijui lipi linakufaa. Niambie wewe."

Paulina aligeuka kutoka dirishani. Kisha akasema, na Kiswahili chake kilikuwa kile cha machimboni, kikavu, kisicho na mapambo:

"Huko kutengwa ni mambo ya bibi yangu. Aliwekwa kwenye kibanda, akanisimulia. Mimi sitaki. Yule wa kelele sikumwelewa. Yule mzungu alikuwa analia sana, nikaona nimbembeleze mimi, na nguvu sina." Akavuta pumzi. "Mama, mimi nangoja mtu mmoja tu aniambie. Nilizaa nini?"

"Hujaambiwa?"

"Walimfunika wakaondoka naye. Nikiuliza, wanasema pole, lala. Wa alfajiri hakusema, wa asubuhi hakusema. Sasa nirudi niseme nini kwa baba yake? Niseme nilizaa nini? Nikasema bora niondoke, pengine wamemtupa, nimtafute mwenyewe huko nje."

Nilimsikia Mwalimu akijibu neno ambalo viongozi wachache hulitamka mbele ya mtu aliye chini yao:

"Sijui, Paulina. Na mimi sijui. Niruhusu nikamtazame, nirudi nikuambie."

Alitoka. Alitukuta tumesimama nusu duara, wenye shahada na wenye stashahada, watu wa bara na wa pwani na wa Ulaya. Alituuliza kwa sauti ya chini: "Nani kati yenu anajua kama yule mtoto ni wa kike au wa kiume?"

Mwanangu, tulijua historia ya misafara. Tulijua kiapo cha wauguzi. Tulijua desturi za Mbulu. Hilo hakuna aliyelijua.

Nisikufiche kwamba siku zile, katika hospitali nyingi, ilihesabiwa kuwa huruma kumwondoa haraka mtoto aliyezaliwa mfu, mama asimwone. Wakunga wa alfajiri walifanya walivyofundishwa, kwa nia njema, nami sitawalaumu. Mtoto alikuwa bado yupo katika chumba kidogo nyuma ya wodi, amehifadhiwa, akimngoja baba yake.

"Karin," alisema Mwalimu, "na wewe Mwanaidi. Nendeni wote wawili mkamlete."

Waliondoka bila kutazamana. Nini walichosemezana huko sikukijua, maana sikwenda kufasiri. Nadhani hawakuhitaji mfasiri. Waliporudi, Karin ndiye aliyembeba, na kitoto kilikuwa kimeoshwa uso na kuviringishwa katika khanga nyekundu niliyoitambua mara moja, kwa kuwa Mwanaidi alikuwa ameivaa kiunoni asubuhi ile. Walifika kwenye pazia wakasimama. Mwanaidi alimtazama Karin, akamwashiria kwa kidevu. Na Karin, kwa lafudhi yake ya kuvunja mifupa, huku machozi yakimshuka lakini safari hii akiyaacha yashuke kimya, alisema:

"Hodi."

"Karibu," alisema Paulina.

"Ni msichana," Mwanaidi alimwambia.

Waliketi naye, mmoja huku na mmoja kule, wala hawakumgusa mpaka alipounyoosha mkono mwenyewe. Alimfunua mtoto uso, akamtazama kwa muda mrefu, akahesabu vidole vyake kama mama yeyote afanyavyo, akasema kwa Kiswahili, pengine ili wote wawili waelewe, "Amefanana na Shija." Baada ya muda akauliza maji yako wapi. Mwanaidi akamwinulia kikombe. Vidonge vikaenda pamoja na maji. Dripu ikarudishwa mkononi mwake.

Mumewe, Masanja, alifika alasiri akiwa na vumbi la machimbo mpaka kwenye kope. Mkewe ndiye aliyempa habari, kwa kinywa chake mwenyewe: "Tumezaa binti." Wakamzika binti yao kama mtu anavyozikwa. Homa ilishuka baada ya siku chache, na Paulina akarudi kwa watoto wake akiwa hai.

Kuhusu ile kesi, Karin aliifuta mwenyewe, na Mwanaidi akaenda kumwomba radhi Paulina, akakubaliwa. Kwa siku mbili nzima Mwanaidi hakutania mtu wodini. Siku ya tatu Bibi Holo hakuvumilia. "We mtumwa wangu," alimwita, "mbona hunitukani? Unaumwa? Mimi siyo wa Mbulu, bwana, mimi nitukane, nisije nikafa kwa heshima!" Na wodi ikacheka tena. Hilo nalo ni sehemu ya somo, maana Mwalimu Kabula hakukataza utani. Siku ya kufunga kozi, Elibariki alipomwomba atuandalie mwongozo wa desturi za makabila ya kanda ile ili tusikosee tena, alimjibu: "Nikikuandikia, Elibariki, utausoma mwongozo na kuacha kumsoma mtu. Jifunze desturi kadiri uwezavyo. Lakini ukifika kitandani, zibaki nje ya pazia na wewe, mpaka mwenyewe aziite ndani."

Sasa nasaha yangu, mwanangu, kwa maneno ya wazi kabisa.

Utasoma, na usome sana. Utakwenda kwenye nchi za watu, utaongoza waliokuzidi umri na wasioijua lugha yako, na watu watakuja kwako na majina yatakayokudanganya kwamba umewafahamu. Ujuzi wako wa mila zao ukufanye mwepesi wa kuuliza. Ukikufanya mwepesi wa kuamua, umekwisha kukupoteza. Wenzako wakigombana juu ya heshima ya mtu fulani, tazama kwanza kama mtu huyo yumo chumbani. Na kama hayumo, nyanyuka uende aliko. Usione haya kusema "sijui" mbele ya wanaokutazama kama mkuu wao, kwa sababu neno hilo la Mwalimu Kabula liliokoa uhai ambao elimu yetu sote ilikuwa karibu kuupoteza. Na huruma yako, hata ikiwa ya kweli kama ya Karin, na utu wako, hata ukiwa wa kweli kama wa Mwanaidi, vyote viombe ruhusa kabla ya kuingia.

Mimi nimezeeka. Karibuni nitakuwa mimi niliyelala kwenye kitanda cha dirishani, na anayenijia atakuwa kijana wa rika lako, pengine wa kabila nisilolijua, pengine wa nchi nisiyowahi kuiona. Hii ndiyo dua ninayokuombea, na ndani yake najiombea na mimi: Mola akupe mikono inayoponya, akupe sauti ya kubisha na subira ya kungoja mlangoni, kila utakapobisha uitikiwe, na siku itakapokuwa zamu yako kulala nyuma ya pazia, asiingie mtu kabla hujamwambia karibu. Amina.